Shoka la Perrin: kumtetea anayekipenda kitabu cha kumi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni kundi la wasomaji 6 hapa Morogoro. Kwa mwaka mmoja na nusu tumekuwa tukisoma The Wheel of Time ya Robert Jordan, vitabu vyote 14, vingine tukiazimana, vingine tukisoma kwenye simu. Sasa tumemaliza, na Jumamosi hii kila mmoja ataje kitabu kimoja alichokipenda kuliko vyote na akitetee mbele ya wenzake. Wawili wameshasema cha nne, mmoja cha sita, mmoja cha kumi na mbili, mmoja cha kwanza. Mimi nilipotaja cha kumi walicheka. Wanasema hicho hakuna anayekipenda, na kwamba nilichokipenda mimi ni tukio moja tu, lile la Perrin na shoka lake, wala si kitabu. Je, nimekosea? Na mtu anachaguaje kitabu kimoja katika hadithi ndefu namna hii?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea, na nitakupa cha kusema Jumamosi. Ambaye hajaisoma hadithi hii na anakusudia kuisoma, namwomba aishie hapa, maana siwezi kukitetea kitabu cha kumi bila kufichua yaliyomo.

Nianze na kile kicheko, kwa sababu kina historia. Kitabu cha tisa, Winter's Heart, kilitoka Novemba 2000. Kinamalizika kwa jambo kubwa ambalo wasomaji walikuwa wakilingojea tangu mwanzo: Rand, shujaa mkuu wa hadithi, anaisafisha ile nusu ya Nguvu ya Asili, yaani nguvu ya uchawi, inayotumiwa na wanaume, iliyotiwa sumu na Bwana wa Giza, adui mkuu wa dunia hiyo, na kuwatia wazimu kwa zaidi ya miaka 3,000. Msomaji anafunga kitabu moyo unamdunda. Halafu anasubiri. Kitabu cha kumi, Crossroads of Twilight, kikatoka Januari 2003, na kilipofunguliwa, hadithi ilikuwa imerudi nyuma. Mhusika mmoja baada ya mwingine anaonyeshwa alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini wakati ule ule Rand akiifanya kazi yake, kila mmoja akihisi kule mbali kuna kitu kikubwa kinawaka bila kujua ni nini. Rand mwenyewe anaonekana kidogo mno.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosubiri. Cha tisa nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba Nairobi, jalada limechanika, nikakimaliza kwa siku nne. Cha kumi kilinifikia mwaka 2004, kimeletwa na rafiki aliyekuwa masomoni Uingereza. Nilisoma kurasa kama 200 nikimngoja Rand atokee, nikakiweka kitabu chini nikiwa na hasira ya mtu aliyealikwa karamuni akaambiwa chakula bado. Nilikaa nacho kinyongo miaka mingi. Nilipokirudia baadaye, safari hii nikivipitia vitabu vyote kwa mfululizo bila kusubiri, nilikuta ni kitabu kingine kabisa. Kurudi nyuma kule hakukuniudhi, kwa sababu kitabu cha tisa nilikuwa nimekifunga jana yake. Nilichoona safari hii ni watu waliotawanyika pande zote za dunia yao, kila mmoja amebeba mzigo wake, wakati jambo kubwa linapita juu ya vichwa vyao.

Wenzako nao hawakusubiri hata siku moja. Walikuwa na vitabu vyote mikononi. Wanachokicheka wamekirithi kwa waliosubiri miaka miwili, na si haki kukihukumu kitabu kwa hasira ya mtu mwingine.

Lakini sitakudanganya ili ufurahi. Kitabu cha kumi kina sehemu zinazokokota miguu. Mambo ya Elayne, binti wa malkia, na kugombea kiti cha enzi cha nchi yake ya Andor yanachukua kurasa nyingi kuliko uzito wake, na mazungumzo ya Aes Sedai, wale wanawake watumiao Nguvu, ndani ya mahema, nani kamwinamia nani na nani kamnyima nani chai, mengine yangepunguzwa nusu na hadithi isipoteze kitu. Ukisimama Jumamosi, likubali hilo mapema kabla hawajakurushia. Msomaji anayezijua kasoro za kitabu chake husikilizwa.

Sasa tuje kwenye shtaka lenyewe, kwamba umependa tukio na si kitabu. Muulize yule aliyechagua cha sita, Lord of Chaos, anakipendea nini. Nina hakika atakujibu: vita vya Dumai's Wells. Rand amefungiwa ndani ya sanduku, anatolewa kuchapwa na kurudishwa humo, mpaka rafiki yake Perrin anapokuja na jeshi la kumwokoa, na wale wanaume wenye makoti meusi wanaopigana kwa Nguvu, Asha'man, wanapoachiliwa uwanjani. Mimi pia nilisoma sura ile nimesimama. Lakini iko mwishoni kabisa mwa kitabu kinene sana, na kabla yake kuna mamia ya kurasa za safari, barua na mabishano ya kisiasa. Mbona yeye hakuambiwa amependa tukio moja? Na aliyechagua cha kumi na mbili, The Gathering Storm, atakutajia Rand akiwa peke yake juu ya mlima Dragonmount, ukingoni mwa kuiangamiza dunia nzima, halafu anacheka. Hilo nalo ni tukio moja.

Ndivyo ilivyo kwa hadithi ndefu. Hii ina maneno zaidi ya milioni 4. Kichwa cha mwanadamu hakibebi kitabu kizima cha kurasa 700 miezi sita baada ya kukisoma. Kinabeba sura mbili tatu, sauti ya mtu fulani, harufu ya mahali, na mengine yote yanakusanyika nyuma ya hayo. Kwa hiyo swali la kuulizana si kama umependa tukio. Ni hili: je, tukio hilo linakitegemea kitabu lilimo na vile vilivyotangulia, au lingeweza kung'olewa likawekwa popote? Hapo ndipo utakapowashinda, maana shoka la Perrin lina mizizi mirefu kuliko karibu kitu chochote kingine katika hadithi hii.

Turudi kitabu cha kwanza, The Eye of the World, cha mwaka 1990. Perrin Aybara ni kijana mwenye mabega mapana, mwanagenzi wa mhunzi katika kijiji cha Emond's Field. Ni mtaratibu kwa sababu tangu utotoni anajua kwamba akikurupuka ataumiza mtu. Anapokimbia kijiji na wenzake usiku, anachukua shoka la vita lenye makali ya umbo la mwezi mwandamo, ambalo bwana wake alimfulia mlinzi wa mfanyabiashara mmoja na mlinzi huyo asilichukue. Siku chache baadaye yuko porini na Egwene, msichana wa kijijini kwao, wanafukuzwa na kundi la kunguru wanaokula kila chenye uhai. Perrin anaanza kufikiri kwamba ikibidi, itakuwa heri amuue Egwene kwa shoka lile haraka kuliko kumwacha afe kwa midomo ya kunguru. Wanaokoka, lakini wazo lile linabaki kama doa. Analichukia shoka, anataka kulitupa. Elyas, yule mzee anayeishi na mbwa mwitu, anamkataza. Anamwambia alibebe maadamu analichukia, kwa kuwa anayeichukia silaha yake ataitumia kwa busara. Siku chuki hiyo itakapokwisha, ndipo alitupe mbali na akimbie upande wa pili.

Hilo ni deni. Mwandishi ameliandika ukurasani mwaka 1990 na msomaji ametia saini. Dawa ya deni ni kulipa, lakini Jordan hakulipa kitabu cha pili, wala cha tatu, wala cha saba. Perrin analibeba shoka vita baada ya vita, kitabu baada ya kitabu, na wengi wetu tukasahau tunadai.

Kisha kitabu cha kumi. Mke wake, Faile, ametekwa na Shaido, ukoo mmoja ulioasi wa Aiel, wapiganaji wa jangwani. Ni majira ya baridi, theluji kila mahali, na Perrin hana kingine kichwani isipokuwa kumpata. Watu wake wamekamata mateka wa Kishaido, wamewatesa, na hawasemi kitu, maana Waaiel hawatishiki kwa maumivu. Perrin anakuja, anainua shoka na kumkata mmoja wao mkono. Hafanyi kwa hasira. Anafanya kama fundi anayejua kazi yake, halafu anawaeleza waliobaki atawafanyia nini wasiposema: atawaacha hai, wamekatwa viungo, wakaombe chakula mpaka kufa. Yule kijana wa kitabu cha kwanza aliyeogopa nguvu za mikono yake ndiye huyu. Na mwenyewe anatambua. Anaona kile ambacho Elyas alimwonya. Analitupa shoka na kuondoka, na tangu hapo halibebi tena.

Kutoka siku Elyas aliposema maneno yale mpaka siku shoka lilipotupwa, katika maisha ya wasomaji ilipita miaka 13. Hakuna mwandishi wa kitabu kimoja, awe fundi namna gani, anayeweza kukupa kitu hicho. Urefu wenyewe ndio uliolipa. Ukiwaambia wenzako kwamba kitabu chako ndicho kilicholipa deni lililokaa muda mrefu kuliko mengi, utakuwa umesema jambo ambalo hawatalijibu kwa kicheko.

Sasa nikuambie jambo ambalo pengine hujaliona. Mimi kitabu changu ni cha nne, The Shadow Rising, kama hao wawili. Na sababu yangu ya kukipenda ndiyo ile ile yako.

Unaukumbuka Rhuidean, mji mtakatifu wa Aiel, sura ya 25 na ya 26. Rand anaingia kati ya nguzo za vioo, na kila hatua anayopiga inamrudisha ndani ya macho ya babu yake wa zamani zaidi, na zaidi tena. Historia ya Aiel inasimuliwa kinyumenyume. Tunaowajua kama mashujaa wa jangwani wasioogopa kitu, wanaocheza na mikuki na wasiogusa upanga hata kwa kufa, tunaanza kuwaona wakipungua ukali hatua kwa hatua, mpaka tunafika walikotoka: watumishi wa Aes Sedai wa kale, walioifuata Njia ya Jani, watu ambao hawakuwa radhi kuinua mkono hata kujikinga. Mwanamume aliyeingia pamoja na Rand, Muradin, anashindwa kuustahimili ukweli huo na kujing'oa macho.

Katikati ya sura hizo kuna kijana anaitwa Lewin. Wezi wamemteka dada yake. Yeye na wenzake wanakwenda usiku kumrudisha, na katika purukushani Lewin anashika mkuki na kuua. Anarudi na dada yake mzima, anamwendea mama yake. Mama anaangalia mikono ya mwanawe, anamkana. Anamwambia aufiche uso wake, kwa kuwa aliwahi kuwa na mwana mwenye uso kama huo na hataki kuuona kwa muuaji. Lewin anajifunika uso. Ndipo ukurasa mmoja unakueleza kwa nini Mwaiel hujifunika kitambaa usoni kabla ya kuua, jambo ulilolichukulia kuwa pambo tangu ulipokutana na Waaiel.

Na katika maono hayo hayo unawaona wengine wakiyageuza magari yao ya farasi na kuondoka kuutafuta wimbo uliopotea. Hao ndio Watuatha'an, watu wa magari ya rangi wasiopigana, waliomkaribisha Perrin na Egwene katika kitabu cha kwanza siku chache tu kabla ya wale kunguru. Pale kando ya moto, Perrin akiwa na shoka kiunoni, mzee Raen alimweleza Njia ya Jani na jinsi ukatili unavyomuumiza anayeutenda kama unavyomuumiza anayetendewa. Mjukuu wa Raen, Aram, ndiye aliyeshika upanga katika kitabu cha nne baada ya Trolloc, yale majitu ya Bwana wa Giza, kuwaua jamaa zake, na unajua alivyoishia katika cha kumi na moja.

Lewin na mkuki, Aram na upanga, Perrin na shoka. Ni swali moja: mtu mpole afanye nini na silaha iliyomo mkononi mwake, na akishaitumia anakuwa nani? Robert Jordan, ambaye jina lake halisi lilikuwa James Oliver Rigney, alipigana Vietnam akiwa mpiga bunduki kwenye helikopta kabla hajawa mwandishi. Silielezi kila jambo la kitabu kwa maisha ya aliyekiandika, lakini nikisoma sura ya mateka wale kwenye theluji, siamini kwamba iliandikwa na mtu aliyesimuliwa tu vita. Wenzako wanaokipenda cha nne na wewe unayekipenda cha kumi mmesimama kwenye mto mmoja, wao chemchemini na wewe kule maji yanakofika baharini.

Umeuliza pia mtu achague vipi. Angalia kwanza unamfuata nani. Jordan alikuwa na tabia ya kumweka mhusika mkubwa kando kwa kitabu kizima: Perrin hayumo kabisa katika cha tano, Mat, rafiki yao wa tatu, hayumo katika cha nane, na Rand haonekani sana katika cha tatu. Mpenzi wa Mat atakwenda cha tatu, anapotoka kitandani mgonjwa na kuwachapa Galad na Gawyn kwa fimbo, au cha kumi na moja kwa ajili ya ndoa yake na Tuon. Mpenzi wa Egwene atakwenda cha kumi na mbili. Mpenzi wa Perrin hana njia nyingi: cha nne, anaporudi kukilinda kijiji chake, au cha kumi na tatu anapofua nyundo yake, au hiki chako. Na ile nyundo ya cha kumi na tatu, angalia, haina maana yoyote kama shoka halikutupwa cha kumi.

Anayetaja cha kwanza msimdharau. Wako wanaosema kuchagua cha kwanza ni uvivu. Kuna usiku mmoja mle, Rand akimburuta baba yake aliyejeruhiwa kupitia msituni huku mzee akiweweseka na kusema kwamba mtoto alimwokota mlimani, ambao sijaona Jordan akiuzidi kwa hofu popote. Muulizeni tu kama ni kitabu anachokipenda au ni ule umri aliokuwa nao alipokisoma.

Kuhusu vitabu vitatu vya mwisho, najua litazuka lile la kwamba si vya Jordan. Alifariki Septemba 2007 akiwa amemaliza 11. Mkewe Harriet McDougal, aliyekuwa mhariri wake, ndiye aliyemchagua Brandon Sanderson aimalize kazi kwa maelezo na maandishi yaliyoachwa, na kilichokusudiwa kuwa kitabu kimoja kikawa vitatu, hadi 2013. Sauti imebadilika, hasa ya Mat, na yeyote mwenye masikio anasikia. Lakini tukio la mwisho kabisa la kitabu cha kumi na nne aliliandika Jordan mwenyewe kabla hajafa. Anayetaka kukichagua kimojawapo asizuiwe.

Jumamosi, basi, usianze kwa kujitetea. Mwombe mmoja wa wale wawili wa kitabu cha nne asome kwa sauti ukurasa wa Lewin na mama yake. Usiseme neno. Akimaliza, fungua kitabu cha kwanza pale Elyas anapomwambia Perrin habari ya shoka, usome aya ile tu. Kisha fungua chako, sura ya 27, uanze pale Perrin anapowakuta mateka. Usisome haraka. Ukifika mahali anapoliacha shoka, funga kitabu, uwaulize tena wanakicheka nini. Kisha uniandikie wamejibuje.